Gari la Mama na Watoto Watatu

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini hamjambo wote hapo, wewe, wifi yangu na wale mapacha wenu wasiojua kukaa kitako. Sisi wazima, ila mkono wa kulia unanisumbua kidogo. Niliteleza kwenye ngazi, ndiyo maana mwandiko huu ni kama wa mtoto wa chekechea.

Nahitaji ufundi wako wa magari. Nataka gari. Usicheke. Nimeendesha gari la mikate miaka yote hii sijakwaruza hata kreti, lakini kila jioni lazima nilirudishe kwa tajiri na funguo nimtie mkononi. Sasa nataka langu, la mama na watoto watatu, lililotumika, la bei ya mtu wa mikate. Lisinizimikie njiani na lisituue. Mwalimu mmoja wa mtaa wa pili anauza jeupe, linang'aa hilo! Nikienda kuliona niangalie nini?

Jibu kwa anwani ya fundi cherehani, jirani yangu. Simu usipige, siku hizi anayeipokea si mimi. Na baba watoto usimwambie kitu.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu, Bibi Usukani,

Barua nimeipata na nimecheka, ulijua tu nitacheka. Hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na mapacha jana walinifungia chooni, kwa hiyo afya zao usiulize.

Haya, gari. Kwanza, kung'aa kusikudanganye. Rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye gari. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe kila mlango. Isiposhika, chini ya rangi pamejazwa puti, na chini ya puti kuna ajali ya mtu. Inua zulia. Ukikuta uvundo na matope, lilizama majini, muage mwenyewe uondoke. Nenda asubuhi na uguse boneti: ikiwa na joto, ameliwasha kabla hujaja ili akufiche jinsi linavyokohoa. Kila mkanda wa kiti uvute kwa ghafla, ni lazima ukwame. Ukifungua swichi, taa ya mifuko ya hewa iwake halafu izime. Isipowaka kabisa, mifuko haipo na kuna mjanja kachomoa balbu. Mimi ningekutafutia la zamani lenye mwenyewe mmoja. Hayo ya juzi juzi mengi yalipondwa yakanyooshwa.

Sasa nijibu jambo moja. Nyumba yenu haina ngazi. Uliteleza kwenye ngazi gani?

Kaka yako


22 Machi

Kaka,

Natumaini mu wazima. Hakuna ngazi. Ni yeye.

Alinibana vidole kwenye mlango wa jikoni, akauegemea kwa mgongo huku anakunywa chai. Viwili vimevunjika. Si mara ya kwanza, na nimechoka kukudanganya. Wiki iliyopita alinichapa kwa waya wa pasi mpaka ukakatika, akaenda kutafuta mkanda. Mkubwa wangu akaingia katikati. Baba yake alimnyanyua kwa shingo akamtupa ukutani, na mtoto akainuka akaja tena. Ana miaka kumi na miwili, kaka. Safari ijayo hatainuka.

Ndiyo maana nataka gari. Basi siwezi kupanda. Unajua yeye ndiye msimamizi wa stendi, makondakta wote wanamnyenyekea, nisingefika hata dirisha la tiketi. Gari la tajiri nikiondoka nalo mimi ni mwizi. Na wewe usije. Najua utakuja na hasira gani, na watu wake watakumaliza mbele yangu.

Jeupe la mwalimu nimelipima. Sumaku ilidondoka kwenye milango miwili, mwalimu akasema sumaku yangu ndiyo mbovu. Ila kuna la bluu, viti saba, anauza nesi. Hilo linawaka mara moja, sijaona. Chini ya miguu ya dereva kuna kutu, na usukani unacheza kidogo. Nilichukue?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sina salamu, nisamehe. Barua yako niliisoma nikiwa na spana ya magurudumu mkononi. Nilivunja kioo cha gari la mteja, kisha taa, kisha kioo kingine, mpaka vijana wa gereji wakanikumbatia kwa nyuma. Nilikuwa naiona sura ya shemeji humo. Kila siku nikiwa kazini, akilini mwangu namponda goti moja, halafu la pili, polepole. Wifi yako amenifichia nauli kwa sababu ananijua.

Lakini la bluu, hapana. Kutu pale maana yake chasisi imeliwa. Mkigongwa itakatika na wewe utakuwa wa kwanza. Usukani unaocheza huo ni kifo kingine. Siwezi kuwapakia wapwa zangu kwenye jeneza lenye matairi.

Nimepata gari letu. Wagoni ya mstaafu mmoja, bodi haijaguswa, mifuko ya hewa yote ipo. Kasoro yake ni gasketi iliyoungua na breki za nyuma, basi. Nipe wiki mbili. Nitalileta mwenyewe nilisimamishe nyuma ya duka la mikate, nawe upande na wanao kama mnaenda kazini. Vumilia kidogo tu, mama.

Kaka yako


11 Aprili

Kaka,

Wasalimie wote.

Alimkuta Kitindamimba akichezea funguo za gari la mikate. Akamuuliza, kwa sauti tamu kabisa, tunakwenda wapi. Mtoto akasema kwa mjomba. Ana miaka minne, atajuaje kuficha? Akamshika miguu akamning'iniza kichwa chini juu ya pipa la maji mpaka niseme hatuendi popote. Nilisema. Nilipiga magoti nikasema tena. Alipomweka chini akanigeukia mimi, na jino la mbele limetoka.

Nesi bado hajauza. Kaka, mimi nalala kitanda kimoja na mtu huyu. Gari gani litakuwa bovu kuliko hapa? Unakuja lini?

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Nimelia, na sijui kulia. Lakini usikate tamaa, mambo yanakwenda.

Gasketi waliyoniletea haikuwa yake, nimeirudisha, nyingine iko njiani. Breki tayari. Nimelijaribu kwenye mteremko likasimama palepale, ungefurahi. Ila mikanda ya nyuma ni ya kiunoni tu, na kwa watoto hiyo siitaki, inakata tumbo. Natafuta ya begani. Tairi mbili pia nimezikataa. Tarehe tatu Mei nipo hapo, hakuna tena kusogeza. Nashinda chini ya hilo gari, hata simu nimeizima wateja wasinisumbue.

Umevumilia mengi, siku hizi chache hazitakushinda. La bluu usiliguse, nakuomba kwa jina la mama yetu.

Kaka yako


28 Aprili

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Wanangu wako hai wote watatu, nakwambia kabisa mwanzoni ili usome umetulia. Mimi niko mahabusu. Karatasi nimepewa na askari wa kike, ambaye tangu jana anakupigia na hakupati.

Nilinunua la bluu. Jana baba watoto alipoenda stendi nilimlipa nesi, nikaliingiza uani, nikafunga geti majirani wasione, nikapakia watoto na nguo kidogo. Lakini makondakta walishaniona barabarani wakamwambia. Alirudi na nondo. Alivunja kioo cha mbele kikatumwagikia, halafu cha upande wangu, akanishika nywele akanivuta nje mpaka kiunoni. Nilimng'ata mkono nikahisi mfupa. Watoto walikuwa wakipiga kelele ambazo bado nazisikia hapa nilipo.

Mkubwa akashuka kukimbilia geti alifungue. Baba yake akaniachia mimi akamfuata. Pigo la kwanza lilimvunja bega, akaanguka huku ameshikilia komeo. Nondo ikapanda tena, na safari hii ilikuwa ya kichwa.

Nilikanyaga mafuta. Nilimbana baba watoto kwenye nguzo ya geti, nikarudi nyuma, nikambana tena. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Mara ya pili ilikuwa yangu mwenyewe, na polisi nimewaambia hivyo hivyo. Nyonga imesagika, miguu yote miwili imevunjika. Anapumua, na nasikia hospitalini anatukana manesi.

Chasisi ilikatika chini ya miguu yangu, ulisema kweli. Gari lenyewe halikutoka hata getini. Lakini nilipozungusha funguo liliwaka, kaka, na wakati ule sikuwa na haja nyingine.

Sikulaumu. Nilikulaumu jana usiku kucha, leo nimeacha, kwa sababu nina kazi nyingine na wewe. Wanangu wapo kwa fundi cherehani. Ndugu za baba yao wamekuja mara mbili kuwachukua, na wameapa keshokutwa watavunja mlango. Mkubwa amesema atawasubiri na mkasi wa kukatia vitambaa, kwa bega hilo hilo, na mimi namjua, atawasubiri kweli. Askari huyu anasema mjomba akifika mwenyewe na kitambulisho, atakabidhiwa wote. Awe mjomba, mwenyewe, hapa. Barua hii anakuletea mwenzangu wa gari la mikate anayeshusha mzigo huko kwenu leo.

Najua wagoni imebaki kidogo. Iache hapo hapo juu ya jeki. Nenda stendi, panda basi la kwanza litakaloondoka, na usiiname kuangalia tairi zake.

Mdogo wako