Zamu Yako ya Kuchagua Hifadhi

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Mto,
New Norfolk,
Tasmania.
Jumanne, 20 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Darrell,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. U hali gani? Joto la Karratha limepungua walau kidogo? Leanne hajambo? Na watoto je, Brodie na Tess, wanaendeleaje na shule? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, mmekula na mmelala vizuri, maana sisi huku kulala vizuri tumeanza kusahau.

Mimi sijambo, ila mgongo. Ukitaka kujua unauma wapi, ni afadhali uniulize pasipouma. Baba naye yupo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nampeleka Hobart kwenye mashine ya kusafisha damu, anakaa hapo muda wa saa nne, kisha namrudisha akiwa mweupe kama unga. Jumapili miguu inaanza kuvimba tena. Siku yake ni Jumamosi peke yake. Siku hiyo ana sauti, anagomba, anataka mayai mawili. Leo ni Jumanne, amelala kwenye kiti karibu na jiko la kuni, ndiyo maana nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Usishangae kupata barua. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka kusikia ikiita. Najua huko mgodini mnaziacha kabatini kutwa nzima, na kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa jambo jingine, na nitalifikia.

Mwezi wa nne, gwaride la Anzak la kuwakumbuka askari lilipokwisha tu, Baba akatoa ramani ya hifadhi za taifa kwenye droo, akaitandaza juu ya meza ya jikoni, akaweka kopo la sukari upande mmoja na la chumvi upande wa pili isijikunje. Nilijua kinachofuata. Mwaka juzi zamu ya kuchagua hifadhi ya safari yetu ya kila mwaka ilikuwa yake, mwaka jana yangu, mwaka huu yako. Zamu ya Mama aliifuta mwenyewe tulipomzika. Yako hakuifuta, ingawa tangu mazishi yale, miaka sita sasa, hujakanyaga hapa. Mara ya mwisho zamu yako ilipofika yeye alikuwa amelazwa, hatukwenda popote, kwa hiyo safari hii aliingoja kama mtoto.

Jirani yetu Noreen alikuja na pai za kombe wa baharini na maoni yake. Kama kawaida pai zilikuwa chache, maoni tele.

“Nendeni Cradle,” akasema. “Kila mtu anakwenda Cradle.”

“Ndiyo maana sisi hatuendi,” Baba akamjibu.

“We mzee, na Mount Field kila mara hujapachoka? Hata panya wa kule wanakujua kwa jina!”

“Na wewe jikoni kwangu hujapachoka? Kaa ule pai yako. Anayechagua ni Darrell.”

Mimi kimoyomoyo nilikuwa nimeshapima yote. Cradle ni mwendo wa saa nne kwenda na saa nne kurudi, na siku hizi ikifika saa kumi na moja jioni kumeshaingia giza. Kisiwa cha Maria kinataka boti, na Baba na boti na miguu ile sitaki hata kufikiria. Hartz kunanyesha wiki nzima. Freycinet ni pazuri, theluji haifiki, ila ni karibu saa tatu garini, naye hawezi kukaa saa moja bila kusimama. Mount Field ni hapa pua na mdomo, dakika arobaini mpaka getini, halafu ile barabara ya changarawe mpaka ziwani. Kwa gari lenye dereva mmoja tena mgonjwa wa mgongo, hapakuwa na cha kuchagua. Lakini zamu haikuwa yangu, na Baba alikataza katakata mtu mwingine asiweke kidole kwenye ramani ile.

Ndipo nilipokutumia ujumbe. Siku tano baadaye ukanijibu: “Popote sawa dada, amueni nyinyi.”

Darrell, sikuweza kumsomea maneno yale. Nilimwambia bado unafikiria.

Tangu gwaride zikapita Jumamosi tatu. Kila Jumamosi alitaka kuvalishwa viatu vya mlimani kabla ya chai, na unajua viatu vile, kuviingiza kwenye miguu iliyovimba ni kazi ya nusu saa, na mvalishaji ni mimi.

“Darrell kasemaje?”

“Bado anafikiria, Baba.”

“Vizuri. Si jambo la kukurupuka hili.”

Kisha namvua. Na huko juu miti ya fagasi ilikuwa inapukutisha majani. Redioni walisema wiki ya kwanza ya mwezi wa tano mlima wote ulikuwa dhahabu, watu wanapanda kwa mamia kwenda kutazama. Baba alisikia, akapunguza sauti ya redio.

Alhamisi iliyopita uvumilivu uliniishia. Nilikuwa nimetoka kumwogesha, nimelowa mpaka kifuani, naye mezani akauliza tena. Nikamdanganya. Nikamwambia umepiga simu na umechagua Mount Field. Akaweka kijiko chini.

“Field?”

“Field, Baba.”

Akaitazama ramani kitambo, kisha akaikunja taratibu. “Haya,” akasema. “Mtoto kachagua.”

Basi Jumamosi tukaenda. Nilimfunga blanketi mpaka kidevuni, nikapakia chupa ya chai, keki ya zabibu, dawa zake, fimbo yake, na minyororo ya magurudumu endapo theluji itatukuta. Haikutukuta. Kulikuwa na barafu nyembamba kwenye kona, nikaendesha kama nabeba mayai, na yeye akinikosoa gia kila mpando. Kwenye Ziwa Fenton nikasimamisha gari, nikamteremshia kioo atazame ng’ambo kwenye mawe. Majani yalikuwa yamekwisha. Yamebaki machache ya rangi ya kutu, yamekwama kwenye nyufa za mawe, na matawi yamesimama matupu.

“Tumechelewa,” akasema. Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira, nilishika usukani mpaka vidole vikauma. Jumamosi tatu, Darrell. Neno moja tu lako lingetosha.

Juu kule Ziwa Dobson nilikwenda nyuma ya gari kutoa blanketi na chai, na yeye akajikongoja mpaka kwenye kibanda chenye daftari la wapanda milima. Unamjua, hata akienda hatua kumi na tano lazima ajiandikishe. Ametembea milima hii miaka sitini na hajawahi kuruka mstari. Sikuangalia alichoandika. Nilimshika kwapa, tukaenda mpaka miti ya kwanza ya pandani, hatua sitini hivi, nikazihesabu. Tukakaa kwenye benchi. Wombati mnene kama nguruwe mdogo akapita mbele yetu, wala hakutujali. Baba akanywa chai, akala keki yote mpaka makombo, akasema hewa ya pale inamsafisha damu kuliko mashine. Uso ulikuwa na rangi. Nakwambia kweli, kwa dakika ishirini nilisahau kuwa nimechoka. Tuliporudi akajiandikia kutoka, polepole, kwa mwandiko wake ule wa shule ya zamani.

Tulikuwa tumeshafika nyumbani, nimeshamvua kiatu kimoja, simu ikalia. Saa kumi na moja na nusu, nje kiza. Alikuwa askari wa hifadhi, binti mdogo kwa sauti, anahema.

“Mama, mko salama? Daftari linasema mliingia watatu, mkatoka wawili. Huyu Darrell Burridge yuko wapi? Wenzangu wameshaanza kuvaa viatu.”

Nikamtazama Baba. Baba akatazama soksi zake.

Ndugu yangu, desturi yetu unaijua wewe, yule binti angeijulia wapi? Jina la aliyechagua huandikwa la kwanza, kwa kuwa ndiye kiongozi wa safari. Baba aliandika jina lako juu, lake la pili, langu la tatu, kama tulivyofanya maisha yetu yote. Na wakati wa kutoka akahesabu watu, akaona wawili, akaandika wawili. Mzee yule hawezi kuandika uongo kwenye daftari la mlima.

“Yuko Karratha,” nikamwambia.

“Karratha? Ile ya pwani ya magharibi, ng’ambo ya bara?”

“Ndiyo, mwanangu. Hakuja kabisa.”

Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake wavue viatu, na mmoja akacheka kwa mbali. Baba akanyoosha mkono, nikampa simu.

“Pole sana, binti,” akasema. “Ni kosa langu. Zamu ilikuwa ya mwanangu, ila hajafika.”

“Hakuna shida, mzee. Basi nimfute?”

“Huwezi kumwacha tu?”

“Siwezi kumwacha mtu mlimani kwenye daftari, mzee wangu. Watakaokuja asubuhi wataanza kumtafuta.”

Baba akaihamishia simu sikio la pili.

“Basi mfute,” akasema.

Akanirudishia simu. Nilimvua kiatu cha pili. Kisha akaniuliza, bila kunitazama: “Hakuchagua Field, sivyo?”

Nikasema hakuchagua.

“Nilijua. Darrell angechagua Freycinet. Tangu mtoto ni mvivu wa kupanda, anapenda kukaa mchangani na kutupa mawe.”

“Sasa mbona ulikubali, Baba?”

“Ulikuwa umechoka, Glenys.”

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba nisisikike. Nililia pale mpaka maji yakawa baridi. Sikujua kama nalia kwa uongo wangu, au kwa kuwa mtu mwenye figo zilizokufa ndiye aliyenionea huruma, na wewe mwenye nguvu zako umeshindwa kuandika jina la hifadhi moja.

Huo ndio ukweli wa barua hii. Nimekukasirikia, na nina hamu nawe vilevile, na sina nguvu za kutenganisha. Sitaki utume kitu. Wala sikuambii uache kazi urudi huku. Nesi wa kule kwenye mashine, mama mmoja mtaratibu asiyependa kutishia watu, alinishika bega jana akasema kama Baba tunamwahidi safari yoyote, tusiiahidi kwa mwakani. Alisema hivyo tu, nami sikumuuliza zaidi. Baba hajui kwamba najua, ingawa baada ya Jumamosi sina hakika tena ni kitu gani asichokijua.

Anasema zamu yako haijatumika. Ramani ameirudisha mezani, na kopo la sukari, na la chumvi. Nami kila nikitaka kuweka sahani inabidi nizunguke.

Kwa hiyo nakuandikia hali ilivyo. Field barabara ya juu itafungwa theluji ikianza kushika, huenda baada ya wiki mbili, huenda kesho. Cradle kutakuwa na theluji mpaka magotini. Hartz usifikirie. Ziwa St Clair ni saa mbili, njia ni nzuri, baridi inakata. Freycinet iko wazi majira yote, kama madereva ni wawili tunaweza kusimama kila saa anyooshe miguu. Maria bado inataka boti, lakini mkono wa pili wa kumshika ukiwepo hata boti inapandika.

Nimekuandikia zote, na sitakwambia ninayoitaka. Nilishachagua kwa niaba yako mara moja, nikaona mambo yalikofikia. Chagua mwenyewe, uje ujiandike mwenyewe kwenye daftari, na ukitoka ujiandike mwenyewe umetoka. Chumba chako kina kitanda. Godoro ni lile lile baya.

Nisalimie sana Leanne, mwambie ile sweta ya sufu aliyonipa bado naivaa. Wabusu Brodie na Tess kwa niaba ya shangazi yao, na kama unaweza kuja nao, babu yao atawafundisha kugomba. Noreen anakusalimu, anasema umenenepa kwenye picha. Mungu awalinde huko kwenye joto na atujalie sisi kuonana nanyi huku tulipo.

Baba ameamka sasa hivi, nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri kidogo, akasema nikwambie Jumamosi bado zipo, ila si nyingi.

Ni mimi dada yako, niliyechoka na bado nakupenda,

Glenys