Nakosea Hesabu za Vimondo Makusudi Ili Anipigie

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie na usinicheke, maana jambo lenyewe hata dada yangu nimeshindwa kumwambia. Kazi yangu ni kuigiza kwenye kompyuta jinsi jiwe la angani linavyopasuka likiingia kwenye hewa yetu: naipa programu ukubwa wa jiwe, kasi yake na uimara wake, nayo inaonyesha litavunjika kilomita ngapi juu na vipande vitaangukia wapi, na kitengo cha maafa kinategemea majibu hayo kujua kihamishe mtaa upi. Miaka mitano nilifanya kazi hii meza moja na mwenzangu, hajaoa, nami sijaolewa, tukigawana chaja na kubishana mpaka mfagizi anatutoa nje, na hakuna aliyemtamkia mwenzake neno. Mwaka jana akahamia kituo cha mji mwingine awe karibu na mama yake, na sasa yeye ndiye anayekagua hesabu zangu kabla hazijatoka.

Mwezi wa kwanza baada ya yeye kuhama nilikosea kweli, nikazidisha uimara wa jiwe mara kumi, akanipigia akicheka: "Mwenzangu, jiwe lako limetua zimazima. Hewa umeipeleka wapi?"

Shangazi, kicheko kile nilikaa nacho wiki nzima. Nikituma hesabu sahihi ananiandikia "sawa", basi. Kwa hiyo nikaanza kukosea makusudi, leo nazidisha sifuri, wiki ijayo nageuza pembe ambayo jiwe linaingilia hewani, faili sahihi naliweka pembeni, halafu nakaa na simu mkononi. Jumatatu alipiga na hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama naumwa, akasema amemwomba mkuu wetu anipumzishe, na mkuu anataka maelezo yangu Ijumaa, la sivyo programu anapewa mtu mwingine. Nikisema ukweli nitaaibika, nikinyamaza nimepoteza kazi na simu zake pia. Nimemkumbuka mno, hata kiti chake sijaruhusu mtu akikalie. Nifanyeje?

Mpasua Mawe

JIBU

Marahaba, Mpasua Mawe, na pole. Nilicheka kidogo, nisamehe, kisha nikakunja uso. Unajua jiwe litapasuka wapi kabla halijafika, lakini kumwambia mtu umemkumbuka umeona mlima? Na siku akiwa na homa asikague, kosa lako likapita, watu wahamishwe mtaa usio wao kwa sababu wewe ulitaka kuchekewa? Acha leo hii.

Halafu fikiri. Huyo bwana kwa miezi yote amekuwa akimpigia mwanamke mzembe anayemtia wasiwasi. Wewe uliyebishana naye miaka mitano, hajakusikia tangu aondoke. Huenda naye amekukumbuka, huenda hakukumbuki, mimi sijui, na kwa njia yako hutajua milele.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi ingia kwa mkuu na mafaili yote sahihi, yenye tarehe zake, useme ulituma yenye makosa kwa kujua. Sababu ya moyoni ni yako, si lazima aijue. Atakufokea, vumilia. Kiti kile waachie watu wakae.

Kisha mtumie mwenzako hesabu za wiki hii, safi, asiwe na cha kusahihisha. Akijibu "sawa", piga wewe. Akiuliza kosa liko wapi, mwambie safari hii hakuna, umempigia tu.