Nilivyokula Tambi na Othmani

Malvern, Johannesburg
10 Septemba 2017

Kaka yangu Burhani,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba uvimbe wa mguu wa mama umepungua. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Baridi imekwisha, na wateja wa vitenge wamerudi dukani.

Nakuandikia kwa sababu ya Othmani, yule fundi cherehani wa Unguja aliye jirani yangu hapa Jules Street. Nilikutajia kwenye simu ukabadilisha mazungumzo. Jumapili iliyopita alinialika kwenye mgahawa wa Kitaiwani. Sikwenda peke yangu. Nilimchukua Angélique, msusi wa Kikongo ninayekaa naye nyumba moja, ambaye alisema hata nisingemwambia angekuja.

Mgahawa wenyewe mdogo, kelele tele. Kwa kuhofia nguruwe, nilijiandaa kunywa chai tu. Kumbe Othmani alikwishafika asubuhi na sufuria mpya na nyama ya ng'ombe kutoka bucha la Waislamu, Fordsburg. Alimwomba mwenye mgahawa, bibi mmoja ambaye yeye humshonea aproni, atupikie kando. Yule bibi alituonyesha sufuria huku akicheka, akasema tangu afungue hajaona mteja anayekuja na chombo chake.

Tukaletewa tambi nene kwenye mchuzi wa pilipili, na vijifuko vya unga vyenye nyama ndani, kama sambusa ila vimepikwa kwa mvuke. Kaka, vitamu! Othmani alijitia bingwa wa kula kwa vijiti. Kijifuko kikamponyoka, kikatumbukia kwenye bakuli la Angélique, mchuzi ukamrukia dada wa watu mpaka kwenye nyusi.

"Eish, Othmani," akasema kwa sauti, "unayemtaka si mimi!"

Meza zote zikageuka. Othmani akaona haya, akaomba uma, akala ameinama kama mtu aliye matangani.

Sasa nikwambie la moyoni. Barua yake ya posa utaipata wiki hii, na ndani ameandika kwamba yeye ndiye aliyeanza kunitaka. Si kweli. Mwaka mzima nilimngoja aseme, hakusema. Angélique alipokwenda kunawa uso, mimi ndiye niliyemwambia: "Othmani, mwandikie kaka yangu." Uma ulimponyoka. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika.

Ameficha ili kunisitiri. Mimi nakwambia kwa kuwa baba hayupo, wewe ndiye walii wangu, na sitaki ndoa yangu ianze kwa uongo. Najua ulikuwa umenichagulia mtu wako huko Tanga. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ila ukiridhia, mpigie yeye kwanza. Tangu siku ile ameshona suruali mbili zenye miguu ya kushoto mitupu, na wenyewe wanazidai.

Nibusie mkono wa mama, na watoto wote wape salamu zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura