Kirundi Kwenye Mstari wa Maji

Jumanne jioni. Mvua imeacha, mawingu bado yamekaa chini. Niko ndani, mlango nimeufunga kwa komeo ingawa jua halijazama.

Naogopa. Bora niandike hivyo tangu mwanzo.

Nina miaka sita hapa Goma. Nilitoka Bujumbura kumfuata mume wangu, mtu wa upande wa Bukavu. Hapa mtaani Majengo nimejifunza kusema kama wenyeji, na sokoni sisemi sana. Kirundi nakiacha nyumbani, kwa sababu masikioni mwa watu kinafanana na Kinyarwanda, na siku hizi za vita anayesikika akisema Kinyarwanda huhesabiwa adui; hakuna anayengoja umweleze tofauti.

Leo nimejisahau. Nilikuwa kwenye mstari wa maji, nina bidoni mbili tupu za kuchotea, simu ikalia. Mama ananiambia dada yangu amejifungua salama. Nikamjibu kwa Kirundi, kwa sauti, nikicheka.

Nilipokata simu, mstari mzima ulikuwa umegeuka kunitazama.

"Weye mama, ile ni luga gani?" mwanamke mmoja nyuma yangu akauliza.

"Kirundi. Nilikuwa nasema na mama yangu."

"Ni bale bale tu ba Rwanda," mwenzake akasema. "Banakuja kutusikiliza."

Nikamtazama Mama Kavira, jirani yangu wa kutoka Butembo. Ndiye aliyenishika mkono siku nilipomzaa Nadine. Akaangalia miguu yake.

Niliacha bidoni palepale nikaondoka. Nilitaka kukimbia, nikaogopa wasije wakanifuata.

Baadaye Mama Kavira akabisha hodi. Alikuwa na bidoni zangu, zimejaa maji.

"Mama Nadine, unisamehe. Niliogopa baseme niko pamoja na weye."

Nikazipokea bidoni, nikaziweka ndani.

"Kesho tutaenda wote kwenye maji," akasema. "Lakini unyamaze. Mimi ndiye nitasema."

Nikamwambia aksanti. Nilikuwa namaanisha, na bado nilitaka aondoke haraka.

Nadine alikuwa kwenye kiti, anasikiliza. Ana miaka mitano. Nyumbani namwita Keza, jina la Kirundi alilopewa na mama yangu. Mama Kavira alipotoka, akanisogelea.

"Mama, usiniite tena Keza. Hata humu ndani."

Nimemkubalia, bila kubisha, bila hata kumuuliza kwa nini.

Hata wale wanawake wa kwenye maji hawakunitisha kama alivyonitisha mwanangu.