Ufa wa Chumba cha Baba Mkwe

Shangazi yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla ya lolote nauliza: goti lako limepoa? Mama mmoja aliyetoka Baraka alituambia bado unashuka ziwani mwenyewe kuchukua dagaa wa kuuza. Shangazi, hebu waachie vijana kazi hiyo. Sisi huku Nakivale tunavuta pumzi, watoto wanasoma, na mume wangu, Baba Neema, bado yuko Mbarara, anafanya kibarua cha ujenzi upande wa Kamukuzi. Ndugu yako, baba mkwe wangu, yuko hai. Ni kwa ajili yake ninaandika.

Unakumbuka nilivyokisifu kile kilima cha nyuma ya nyumba yetu, kwamba mbuzi wanashiba na upepo wake mtamu? Sahau. Wamekuja watu wa kutengeneza barabara ya Kaberebere, wanakila. Asubuhi mashine inasaga mawe kuwa kokoto, mchana wanapasua mwamba kwa baruti. Mtu anapuliza filimbi, tunakimbia na watoto mpaka kwenye mihogo, ardhi inaruka, kisha tunarudi kufagia. Vumbi linakaa juu ya maharagwe, juu ya maji ya kunywa, mpaka ndani ya masikio ya Neema. Kuku wangu alitamia na mayai yote yakaoza. Kanisani watu wanakohoa katikati ya wimbo, mpaka tunamaliza kuimba wachache. Na kokoto anazobeba Baba Neema kule Mbarara zinatoka kwenye kilima hiki hiki. Aliponiambia nilicheka, halafu nikalia.

Maana nyumba yetu inabomoka, Shangazi. Ina vyumba viwili tu. Cha mbele nalala mimi na watoto. Cha nyuma, kinachotazama kilima, analala ndugu yako. Ukuta wake umepasuka kutoka juu mpaka chini. Nakandika udongo kwa upande wa nje, baruti inaufungua tena, na sasa mkono wangu unaingia. Juzi kipande cha ukuta kilianguka juu ya mto wake akiwa kwenye maombi. Nilimsikia akikizoa mwenyewe, akakung'uta mkeka, akalala pale pale.

Nilimfuata msimamizi wa machimbo. Si mtu mbaya, alinipa hata kiti. Akasema, kwa heshima ya huku ya kumwita mama, "Nyabo, hii kilima iko ya serikali. Mimi napasua mawe tu. Kama nyumba iko mbaya, toa muzee huko ndani." Kumtoa mzee! Utafikiri nimezungumzia gunia la mahindi.

Nimemwomba baba mkwe ahamie mbele na wajukuu, mimi nikalale kwa jirani. Alijibu akiwa nje, amenigeuzia mgongo kama kawaida yetu: "Mukwe, kile ni chumba cha mutoto wangu na bibi yake. Mi nilale fasi munalalaka? Batu ya kwetu batasema nini?" Nikamwambia tutakitenga kitanda chetu kwa kitambaa. Akasema, "Vita ilikamata nyumba, ikakamata na ngombe mingi. Hii heshima haikuikamata. Uniachie." Mchungaji wetu naye alikuja kumwambia Mungu hatakasirika. Alipoondoka nikamsikia mzee akinung'unika, "Pasta angali kijana, hana hata bakwe." Baba Neema amejaribu kwa simu, akaambiwa mtoto hamfundishi baba yake kulala.

Ndiyo maana nimekuja kwako. Siku niliyoolewa, ni wewe uliyenipokea mlangoni ukanifunika kitambaa kichwani, ukaniambia tangu leo huyu ni baba yako, hutakula mbele yake wala hutaingia anapolala. Nimeshika neno lako mpaka leo, na yeye amelishika kuliko mimi. Wewe ni dada yake mkubwa, wewe ndiye uliyefunga, na kwa desturi yetu wewe ndiye unayeweza kufungua. Mpe anayekuletea barua hii kitambaa, hata kikuukuu, akilete kwa ndugu yako kwa jina lako, tena aseme mbele ya watu kwamba umeturuhusu, mimi kuingia kwake na yeye kuhamia mbele. Hilo atalisikia. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa la Nakivale, na ukuta ule hautavumilia mvua. Ninaogopa, Shangazi, sikufichi.

Nisalimie mama yangu mzazi, na mumeo, na yule binamu fundi baiskeli, na mama wa kwaya aliyenifundisha kushona.

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga jana. Nimeifungua asubuhi hii kwa sababu ya jambo moja. Kwa kuwa siruhusiwi kufunua pazia la mlango wake, ninamjua ameamka kwa kukohoa kwake. Vumbi lile limemharibu kifua, lakini kila kunapokucha nashukuru kumsikia. Leo sikumsikia. Jua lilipanda, chai ikapoa, nikasimama mbele ya pazia nimeinua mkono. Ningemtuma Neema, yeye ni mjukuu, anaruhusiwa, lakini chini ya ukuta ule simtumi mtoto. Niliita, "Papa," mara moja, mara nyingine. Shangazi, mkono wangu ulikataa kushika lile pazia. Sikuingia.

Halafu akakohoa.

Nikarudi jikoni, nikapasha chai yake moto. Tuma kitambaa, Shangazi. Siku ukuta ule utakapomwangukia, mtu wa karibu atakuwa mimi, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuingia.

Mkwe wako anayekungoja,
Mapendo, Mama Neema