Vigingi vya Njia ya Kisimani

Muhonja wangu,

Mulembe kutoka Shieywe. Babu yako bado anakohoa na bado anabishana na redio. Ile ingokho uliyoniachia sasa ina vifaranga.

Umeniuliza kwa nini nilisimama mkutanoni nikawaomba watu wa mipaka wasiugawe mtaa wetu kati ya wadi mbili. Unasema ni mstari tu kwenye ramani.

Nilipokuwa msichana walikuja wengine kama hao, wakapigilia vigingi vilivyomenywa gome kando ya njia ya kisimani, wakaenda zao. Hawakujua kwamba kwetu vigingi vya namna hiyo ni vya kupimia kaburi, na kaburi lililopimwa halirukwi. Basi hakuna aliyevuka.  Asubuhi rafiki yangu Ayuma, ambaye tulikuwa tukiombana moto kila siku, alisimama ng'ambo na kigae chake cha makaa kikiwa kitupu, akinitazama kama anayetazama picha ya marehemu. Sote tulingoja kusikia ni nani amekufa.

Hakufa mtu. Mchwa walivila vile vigingi, lakini watu waliendelea kupazunguka mahali vilipokuwa. Ayuma amezeekea pale pale ng'ambo. Hatukuombana moto tena.

Leo asubuhi nimekuta vigingi vipya, vyeupe. Ayuma ametoka, ameviona, na amesimama vilevile. Bado amesimama ninapoandika.

Naishia hapa, mjukuu wangu. Nimeshatia makaa kwenye kigae. Navuka.

Kukhu wako