Ziwa la Darasa la Tano

Jumatatu, 3 Machi
Kufua, uji wa mwanangu Neema, shule. Tumefika kwenye lile shairi la Kifaransa, mwanaume anamlilia mpenzi wake kando ya ziwa. Nililikariri darasa la tano, Alimasi, siku hizi mume wangu, dawati la nyuma. Alicheka mpaka mwalimu akamtoa nje: mtu mzima analialia na maji yamejaa samaki! Nitamkumbusha kesho akifika. Boti yao inatoka Kalemie usiku huu.

Jumanne, 4 Machi
Upepo usiku kucha. Boti haijafika. Simu ya mume wangu haipatikani. Nimefundisha ubeti wa kwanza.

Alhamisi, 6 Machi
Wavuvi wa Mboko wameokota mbao za buluu. Boti nyingi ni za buluu. Nyingi!

Ijumaa, 7 Machi
Wanafunzi wamekariri mbele ya darasa, mmoja mmoja. Mtu wa shairi anaomba saa zisimame. Zamani niliona ni maneno matamu tu. Leo naomba vilevile, kama kichaa. Siku zikisimama, Alimasi bado yuko njiani. Zikienda, watu wanaanza kunionea huruma. Naichukia huruma yao. Nimetoka darasani kabla ya ubeti wa mwisho.

Jumapili, 9 Machi
Baba mdogo wa Alimasi amekuja baada ya ibada. Anataka tuanze kilio. Nimemfukuza. Mimi, mke wa mtoto wao, nimemfukuza! Sijuti. Kilio cha nani? Nani amemwona amekufa? Mungu, mrudishe. Bila mizigo, bila miguu, vyovyote, mrudishe tu.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda ufukweni na mama mkwe, kama kila jioni. Tumekaa mchangani. Kisha akasema, "Mama Neema, unisemee ile maneno ya Kifaransa. Alimasi alikuwa ananisomeaka ile ku jikoni, wakati ya masomo."

Kumbe. Yule mcheshi. Miaka yote hii hakuniambia.

Nimelisema lote, mpaka ubeti wa mwisho. Mama hajui Kifaransa.

"Inasema nini?"

"Muntu iko anangoja mwenzake ku ziwa."

"Na alikuyaka?"

Nikajibu hapana, hakuja. Neno hilo halikuwahi kunitoka mdomoni tangu Jumanne ile. Mama akanishika mkono, tukarudi nyumbani polepole.

Nimempigia baba mdogo, nimemwomba radhi. Neema amelala. Nimefagia ua. Watu watahitaji mahali pa kukaa.